Korona ya ngamia isitukute wodini

Katika pua za ngamia wa kaskazini mwa Kenya mna virusi vya jamii ya korona ambavyo, huko Bara Arabu, vimeua zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watatu waliothibitishwa kuvipata. Wasomaji wetu wengi hawajapata kuvisikia. Wanaovijua ni watafiti, madaktari wa mifugo na wachungaji wachache waliowahi kuchukuliwa sampuli za pua na damu. Gazeti hili linapiga mbiu leo, kabla ya mgonjwa mahututi wa kwanza kutambuliwa nchini, kwa sababu historia fupi ya maradhi haya inaonyesha kwamba mgonjwa wa kwanza anapotambuliwa huwa keshapita mikononi mwa wauguzi, mwa jamaa zake na mwa wagonjwa wenzake.

Ugonjwa unaitwa MERS. Tangu 2012 umethibitishwa kwa watu zaidi ya 2,600 katika nchi 27, na zaidi ya 900 wamefariki. Walio wengi walikuwa Saudi Arabia. Mbele ya mamilioni waliouawa na Covid-19 hesabu hiyo inaonekana ndogo, na pengine ndiyo maana imesahaulika. Sisi hatuoni faraja katika udogo huo. Wengi wa watu hao 2,600 ni wale waliofika hospitalini wakakuta daktari mwenye sababu ya kuomba kipimo, na maabara yenye uwezo wa kukifanya. Pasipo na anayekiomba, hesabu hubaki sifuri mwaka nenda mwaka rudi, na sifuri ya namna hiyo haimlindi mtu.

Tazama ulivyoanza. Mwezi Aprili 2012, katika hospitali moja ya mji wa Zarqa, Jordan, wauguzi na watu wengine waliokuwamo walianza kuugua nimonia mfululizo. Wawili walifariki. Sampuli zilipimwa kwa vipimo vilivyokuwapo wakati ule, majibu yakarudi hayana kitu, zikahifadhiwa. Tarehe 13 Juni mwaka huohuo, mwanamume wa miaka 60 alilazwa mjini Jeddah baada ya siku 7 za homa, kikohozi chenye makohozi na kupumua kwa shida. Hakuwa mvutaji sigara, wala hakuwa na maradhi ya moyo, mapafu au figo yaliyojulikana. Siku 11 baadaye alikufa, mapafu na figo zikiwa zimeshindwa.

Hospitalini hapo alikuwapo mtaalamu wa virusi kutoka Misri, Ali Mohamed Zaki, ambaye hakuridhika na jibu la kwamba hakuna kilichoonekana. Alipeleka sampuli kwenye maabara ya Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi. Tarehe 20 Septemba alitangaza kupitia mtandao wa tahadhari wa ProMED kwamba amekuta kirusi kipya cha korona. Ndani ya siku chache wataalamu wa Uingereza, ambako mtu wa Qatar mwenye miaka 49 alikuwa akitibiwa London kwa nimonia isiyoeleweka, walilinganisha na kukuta kirusi kilekile. Wajordani nao walizirudia sampuli walizozihifadhi, na kufikia Novemba ikathibitika kwamba wagonjwa wa Zarqa ndio waliotangulia. Zaki alirudi kwao Misri. Alieleza baadaye hadharani kwamba tangazo lile lilimgharimu kazi yake.

Kwa hiyo kirusi kilitembea miezi mitano bila jina, kikipita hospitali hadi hospitali, na kilichokikatisha ni udadisi wa mtu mmoja aliyekataa kufunga faili. Je, ni nimonia ngapi katika hospitali zetu zimeandikwa tu “nimonia”, mgonjwa akapewa antibiotiki, akapona au akafa, mambo yakaishia hapo? Swali hili hatuliulizi kumlaumu daktari wa zamu anayehudumia wodi nzima peke yake. Tunaliuliza kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua tutaujua ugonjwa huu kwa mgonjwa wa kwanza au kwa wa hamsini.

Ugumu wenyewe umo katika dalili. Mtu akishaambukizwa hupita siku 2 hadi 14, mara nyingi kama 5, kisha homa hupanda. Hufuata kikohozi, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya misuli na kichwa. Hadi hapo inaweza kuwa mafua makali, malaria, homa ya matumbo, au brusela inayowapata wanywaji wa maziwa mabichi. Daktari ana majina kumi ya kutaja kabla ya kulifikia la MERS, na mgonjwa wa Kwale au Garissa mwenye homa na kutapika atapimwa malaria kwanza, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Na tumbo humpotosha daktari kweli. Kati ya wagonjwa 47 wa Saudi Arabia ambao habari zao zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2013, 46 walikuwa na homa, 39 walikohoa na 34 walipumua kwa shida, lakini 12 waliharisha na 10 walitapika.

Kinachoutofautisha ugonjwa huu ni kasi ya hatua ya pili. Mtu aliyekuja akitembea kwa miguu yake anaweza, katika siku chache, kushindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Picha ya kifua huonyesha weupe uliotanda, mara nyingi pande zote mbili. Figo huanza kulegea. Kati ya wale 47, wagonjwa 42 walihamishiwa wodi ya mahututi, 34 waliunganishwa na mashine ya kupumulia, na 28 walifariki. Hesabu hiyo ni ya wakati ambapo walioonekana ni wale waliozidiwa. Uchunguzi ulipopanuliwa walipatikana wengi walioumwa kidogo au wasioumwa kabisa, hasa vijana na wahudumu wa afya. Lakini kwa mwenye maradhi mengine mwilini hali ni nyingine kabisa. Wagonjwa 45 kati ya 47 walikuwa na ugonjwa mwingine wa kudumu: kisukari, figo, shinikizo la damu, moyo. Wenye kisukari pekee walikuwa 32.

Sababu ya ukali huo inajulikana, na mhudumu yeyote wa afya ana haja ya kuielewa. Kirusi hiki huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho DPP4. Kwa ngamia kipokezi hicho kimo puani, na ndiyo maana ngamia hutokwa na kamasi kidogo na kuendelea na safari yake. Kwa binadamu kimo zaidi ndani kabisa ya mapafu, palepale hewa inapoingia kwenye damu. Kutokana na hilo, MERS hauenei kwa urahisi sokoni au ndani ya matatu. Nje ya hospitali, kwa wastani, mgonjwa mmoja huambukiza chini ya mtu mmoja. Kutokana na hilohilo, kijiti cha pamba kilichopitishwa puani au kooni kinaweza kurudi na jibu safi huku mapafu yamejaa virusi. Makohozi yaliyotoka chini kifuani, au majimaji yanayofyonzwa kutoka kwenye njia ya hewa ya aliye kwenye mashine, ndiyo sampuli ya kutegemewa. Maabara inayopokea vijiti vya pua peke yake itawaruhusu wagonjwa waende wodi ya kawaida kwa jibu la uongo.

Kama mtaani hauenei kwa urahisi, wodini je? Hapo ndipo penye kiini cha tahadhari yetu.

Aprili na Mei 2013, katika eneo la Al-Ahsa mashariki mwa Saudi Arabia, watu 23 walithibitishwa kuugua, na 21 kati yao waliambukizwa na binadamu wenzao. Maambukizi yalipita katika vitengo vya kusafisha damu, vyumba vya mahututi na wodi za kawaida. Anayejua kitengo cha kusafisha damu ataelewa mara moja. Wagonjwa huketi kwa saa nyingi, kiti kando ya kiti, mara mbili au tatu kila wiki, watu walewale, na wengi wao wana kisukari na figo zilizochoka. Ukitaka kutafuta kundi ambalo kirusi hiki kingelidhuru kuliko jingine lolote, utalikuta hapo. Katika miaka kumi hivi iliyopita vitengo hivyo vimefika hadi hospitali za kaunti zetu, na ni jambo jema lililookoa maisha mengi. Vilinzwe.

Miaka miwili baadaye ikafika zamu ya Korea Kusini, nchi isiyo na ufugaji wa ngamia na yenye hospitali ambazo sisi tungezionea wivu. Mwanamume wa miaka 68 alirejea huko tarehe 4 Mei 2015 baada ya safari iliyompitisha Bahrain, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar. Tarehe 11 homa ikampanda. Alikwenda zahanati, akaenda hospitali, akaenda nyingine, kama afanyavyo mtu yeyote asiyepata nafuu. Alithibitishwa kuwa na MERS tarehe 20. Katika siku hizo 9 alikuwa ameambukiza karibu watu 30. Mmoja wao, kijana wa miaka 35, alikaa katika chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya Seoul kati ya tarehe 27 na 29 Mei, akikohoa, kabla haijajulikana alikuwa amelazwa karibu na nani. Watu zaidi ya 80 waliambukizwa kutoka kwake. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri vitanda. Ndugu waliowasindikiza. Watu waliokuwa wakipita tu kwenye ujia. Hadi mlipuko unazimwa mwezi Julai, walikuwa wameugua watu 186, ambao 38 kati yao hatimaye walikufa, na zaidi ya 16,000 walikuwa wamewekwa karantini.

Wachunguzi walipouliza kwa nini ulienea kiasi kile, walitaja mambo ambayo msomaji wa Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam atayatambua bila kueleweshwa. Vyumba vya dharura vilijaa watu wakingoja siku nzima na zaidi. Wagonjwa walihama hospitali moja hadi nyingine bila taarifa zao kuwafuata. Na ndugu walikaa na mgonjwa usiku na mchana, wakimlisha, wakimgeuza, wakimwosha, kwa kuwa desturi ya Wakorea, sawa na yetu, haimwachi mgonjwa peke yake. Huruma hiyo ni nzuri. Hakuna mtu mwenye utu atakayetaka tuiache. Lakini huruma isiyo na barakoa, mbele ya kirusi kama hiki, humrudisha mwuguzaji nyumbani na maradhi.

Kulikuwa na jambo jingine Korea, la viongozi. Kwa zaidi ya wiki mbili serikali haikutaja hadharani majina ya hospitali zilizokuwa na maambukizi, ikihofia kuzua taharuki. Majina yalitolewa tarehe 7 Juni, wakati umma ulikwisha kuyabahatisha kwa uvumi, na waliokuwa wamepita katika hospitali hizo hawakujua wajiangalie. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi Waafrika Mashariki tuliiona gharama ya ukimya wakati wa Covid-19, na hatuna haja ya kuipitia tena.

Haya yasichukuliwe kuwa ya kale. Machi na Aprili 2025, mjini Riyadh, mgonjwa mmoja wa MERS aliwaambukiza wahudumu wa afya 6, katika nchi ambayo imekuwa ikipambana na ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka kumi na inaujua kuliko nchi yoyote duniani. Kilichoizuia Riyadh isiwe Jeddah ya 2014, ambako mamia waliugua katika miezi michache, ni kwamba safari hii waliokaribiana na mgonjwa walifuatiliwa na kupimwa upesi, hata wale wasio na dalili.

Na kwamba kuwahi kunasaidia, ushahidi upo tangu kabla ya MERS. Mwishoni mwa Februari 2003 hospitali moja ya Hanoi ilimwita Carlo Urbani, daktari Mwitaliano wa Shirika la Afya Duniani, amtazame mgonjwa mwenye nimonia ya ajabu. Urbani alitambua kwamba mbele yake pana ugonjwa mgeni, akahimiza wagonjwa watengwe na akawashawishi wakuu wa serikali wachukue hatua za wazi mapema. Ugonjwa ule ulikuwa SARS, nao ni wa korona. Yeye mwenyewe uliondoka naye, akafariki Bangkok tarehe 29 Machi. Nchini Vietnam waliugua watu 63 tu, na tarehe 28 Aprili ikawa nchi ya kwanza kutangazwa kuwa imeukomesha. Duniani kote SARS uliwapata zaidi ya watu 8,000.

Sasa turudi kwa ngamia, kwa sababu hapa ndipo habari inapokuwa yetu.

Mwaka 2013 watafiti walipima damu ya ngamia 50 wa Oman. Wote 50, bila kubaki hata mmoja, walikuwa na kingamwili za kirusi hiki. Novemba mwaka huo mfugaji wa miaka 44 alifariki Jeddah. Siku chache kabla ya kuugua alikuwa amempaka dawa puani ngamia wake aliyekuwa akitokwa na kamasi. Virusi vilivyotolewa kwa ngamia yule na kwa marehemu vilikuwa vilevile. Kisha watu wakafungua friji za zamani. Damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1980 ilikuwa na alama za kirusi. Kwa Kenya, sampuli 774 zilizokusanywa kati ya 1992 na 2013 zilionyesha kingamwili kwa karibu asilimia 30 ya ngamia. Kirusi kimekuwa nasi, basi, kwa muda mrefu kuliko umri wa wachungaji wengi wanaokamua ngamia hao leo.

Je, kimewahi kuruka kwa binadamu hapa? Kimewahi. Mwaka 2019, huko Marsabit, wachungaji 262 walipimwa na 3 wakakutwa na kirusi. Hakuna aliyekuwa mahututi. Hilo linazua swali la haki ambalo wataalamu wamelijadili kwa miaka: kwa nini Afrika, yenye ngamia wengi kuliko Bara Arabu, haina wagonjwa waliojaa wodini?

Majibu yanayotolewa ni matatu, na tunadhani yote yana ukweli. Kwanza, virusi vya ngamia wa Afrika ni vya ukoo mwingine, na katika maabara vimeonekana kuzaliana kwa unyonge zaidi kwenye mapafu ya binadamu. Ngamia husafirishwa kwa meli kutoka Pembe ya Afrika kwenda Arabuni, hawarudi, kwa hiyo ukoo mkali wa huko haujapata njia ya kuja kwa mifugo. Pili, mchungaji wetu kwa kawaida ni kijana mwenye miguu mepesi asiye na kisukari. Tatu, hatujatafuta vya kutosha.

Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayoweza kuitwa ukuta. Virusi vya korona hubadilika, na hilo hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Kisukari na shinikizo la damu vinaongezeka mijini na sasa vijijini. Maziwa mabichi ya ngamia husafiri kutoka Isiolo hadi Eastleigh kila siku na kunywewa na wazee, wajawazito na wagonjwa. Na kama ngamia wa Arabuni hawaji, watu wanakuja. Maelfu kwa maelfu ya vijana wetu wanafanya kazi Saudi Arabia, Qatar, Oman na Falme za Kiarabu, baadhi yao katika mashamba na majumba yenye ngamia, wengine hospitalini wakiwa wauguzi na wasafishaji. Mahujaji na wanaokwenda umra hurejea kila mwaka. Baina ya Zanzibar na Muscat kuna undugu wa damu na ndege za kila mara. Mtu aliyeambukizwa Arabuni anaweza kutua Mombasa au Unguja akijisikia mzima, akaugua siku ya tano nyumbani kwa mamake.

Basi akipelekwa hospitali, nini kitatokea? Atafika mapokezi, ataulizwa jina, umri na kadi ya bima. Ataelekezwa kwenye benchi. Kwa maoni yetu jambo zima limesimama hapo, kabla hajaonana na daktari. Tunaitaka Wizara ya Afya na serikali zote za kaunti ziagize kwamba kila mgonjwa mwenye homa na kikohozi aulizwe mezani, na yeyote anayempokea, awe karani au muuguzi: katika siku 14 zilizopita umetoka nchi gani, umelazwa au kumtembelea mgonjwa wapi, umemgusa mnyama gani? Akitaja nchi ya Ghuba ya Uajemi au ngamia, apewe barakoa papo hapo na atolewe kwenye msongamano. Agizo hili halihitaji mkopo wa nje. Linahitaji karatasi moja ukutani, sanduku la barakoa, na chumba kimoja chenye madirisha mawili yanayofunguka. Hospitali isiyo na chumba iweke hema au iezeke banda uani.

Hayo ni ya mlangoni. Ndani ya wodi, uingizaji wa mrija wa hewa, ufyonzaji wa makohozi na utumiaji wa mashine za mvuke hutawanya virusi hewani, na anayefanya kazi hiyo apewe barakoa nzito ya kuchuja, miwani, glavu na gauni, kila mara, bila kuomba. Tumesikia wauguzi katika nchi zetu wakilalamika kwamba vifaa vilijaa stoo wakati wa Covid-19 na vikatoweka kamera zilipoondoka. Muuguzi anayeugua apewe mapumziko yenye malipo, maana anayeogopa kukatwa mshahara atakuja kazini na homa yake. Mgonjwa wa kusafishwa damu mwenye homa asiketishwe katikati ya wenzake. Na jamaa anayemuuguza mgonjwa aandikwe jina na namba ya simu, avae barakoa, awe mmoja kwa wakati.

Kuhusu maabara tuna neno moja. Mashine za PCR zilizonunuliwa wakati wa Covid-19 zisiachwe zishike vumbi kwa kukosa vitendanishi. Nimonia kali isiyo na maelezo, hasa Marsabit, Isiolo, Wajir, Mandera, Garissa na Turkana, na kwa msafiri yeyote aliyetoka Ghuba, makohozi yake yapelekwe maabara. Kenya ina kitengo cha pamoja cha afya ya binadamu na mifugo kwa ajili ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama, ina taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, na Kilifi ina wataalamu waliosoma vinasaba vya korona kwa ustadi uliosifika kimataifa. Utaalamu tunao. Unaohitajika ni uzi wa kuunganisha daktari wa mifugo aliyeona kundi la ngamia wachanga wenye kamasi na daktari wa kijiji cha pili aliyeona mchungaji anayekohoa.

Tunajua pia hofu itakayoamshwa na maneno haya, na hatutaki itumiwe vibaya. Ngamia ni uhai wa kaskazini. Ukame unapoua ng'ombe, ngamia ndiye anayebaki kuwapa watoto maziwa. Asitokee afisa wa kuzuia masoko ya ngamia kwa sababu ya tahariri hii, wala jirani wa kumtenga Mrendille, Mgabra au Msomali kwa sababu ya mifugo yake. Ushauri unaotakiwa ni mwepesi, na utolewe na watu wa huko wenyewe, kwa Kisomali, Kiborana, Kirendille na Kiturkana, kupitia redio na misikiti: chemsha maziwa, pika nyama iive, nawa mikono baada ya kumshika ngamia, usimkaribie puani anapotokwa na kamasi, na mwenye kisukari, figo mbovu au kinga dhaifu amwachie mwingine kazi ya kukamua.

Hakuna chanjo ya MERS iliyoidhinishwa kwa binadamu hadi sasa, wala dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili yake. Matibabu ni oksijeni, mashine ya kupumulia, kusafisha damu na uangalizi wa karibu, vitu ambavyo hospitali nyingi za kaskazini zinavyo kwa uchache mno au hazinavyo. Ndiyo sababu tunasisitiza mlango kuliko kitanda.

Viongozi watajibu kwa wakati wao, na tutawafuatilia. Wewe msomaji usiwangoje. Ukiwa umetoka Ghuba, umerudi umra, umechinja au kukamua ngamia, au umemuuguza mtu aliyetoka huko, na homa na kikohozi vikakushika ndani ya wiki mbili, vaa barakoa kabla ya kutoka nyumbani, na mwambie mtu wa kwanza utakayemkuta hospitalini ulikokuwa na mnyama uliyemgusa. Mwambie kabla hujaketi kwenye benchi, hata kama hakukuuliza.